Kabla Hamjafungua Chupa Mpya

Wahitimu wetu wa maabara, hongereni sana.

Wanangu, nina jambo moja la kazi yenu. Mfikirieni mama wa hapa Korogwe ambaye homa ya baridi yabisi ilimharibia moyo, akawekewa valvu bandia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kila siku anameza warfarini. Ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, damu itaganda kwenye valvu na kumletea kiharusi. Daktari anayempangia dozi anangoja namba yenu, INR, inayoonyesha damu yake inachelewa kuganda kiasi gani.

Namba hiyo inategemea thromboplastini, kitendanishi kinachogandisha plazima. Tangu Armand Quick alipoeleza kipimo cha muda wa plazima kuganda mwaka 1935, maabara zilitumia thromboplastini za asili mbalimbali, nyingi zikitoka kwenye ubongo wa sungura, na kila moja iligandisha plazima ile ile kwa sekunde zake. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha mfumo wa INR: kila thromboplastini hulinganishwa na ile ya rejea ya kimataifa, ikapewa kipeo chake, ISI. Plazima ikichukua muda maradufu ya wastani wa watu wenye afya, ISI ya 1.0 inatoa INR 2. ISI ya 2.0 inatoa INR 4. Sasa fungueni chupa mpya huku ISI ya zamani ikiwa bado ndani ya mashine. Mashine haitalalamika. Itachapa jibu safi la uongo, na mama yule atabadilishiwa dozi kwa jibu hilo.

Kwa hiyo toleo jipya likifika, hata la kiwanda kile kile, someni karatasi ya boksini, badilisheni ISI, tafuteni upya wastani wa watu wenye afya wasiopungua 20. Kisha pimeni sampuli zile zile kwa chupa zote mbili, zikiwemo za wanaotumia warfarini, maana chupa mbili huweza kukubaliana kwa mwenye afya zikatofautiana kwa mgonjwa. Ya zamani isiachwe iishe kabla mpya haijafika, agizeni mapema. Mtaambiwa mnapoteza vitendanishi. Jibuni kwa heshima, na msikubali.

Mkimaliza, andikeni daftarini tarehe, namba ya toleo na ISI mpya, mwenzenu wa zamu ya usiku asianze kubahatisha.