Istilahi na Usalama wa Mgonjwa: Mfano wa Isotopu za Tiba



Hoja yangu leo ni kwamba istilahi si pambo la kamusi: yaweza kumlinda mgonjwa, na yaweza kumpotosha. Nitatumia mfano wa iodini 131, isotopu nururifu inayotibu baadhi ya saratani za tezi ya shingo, na ambayo hutolewa hapa nchini katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Isotopu hii hutengenezwa katika kinu cha nyuklia. Elementi iitwayo teluri hupigwa kwa nyutroni, sehemu yake hugeuka kuwa iodini 131, kisha wakemia huitenga na kuisafisha. Tangu hapo huanza kupungua: kila baada ya siku 8 hubaki nusu tu. Kiasi cha 80 huwa 40, na kufikia siku ya 16 huwa 20. Kwa hiyo haiwekwi ghalani kwa miezi kama dawa nyingine. Nasi, tusio na kinu, huiagiza kwa kuhesabu siku.

Muda huo wanafizikia wetu huuita “nusu maisha”. Sasa tumfikirie mama wa Kalemela, mkoani Simiyu, aliyelelewa kwa Kisukuma na kukutana na Kiswahili shuleni. Akiambiwa kwamba dawa aliyomeza ina nusu maisha ya siku 8, si ajabu akadhani yanayohesabiwa ni maisha yake mwenyewe. Kumbe anachopaswa kuelewa ni kwamba mionzi ingali mwilini mwake, na kwamba kwa siku atakazoagizwa na daktari asimpakate mtoto. “Muda wa kupungua nusu” ungemfaa zaidi.

Daraja tunalo tayari. Mama huyo hununua chumvi yenye “madini joto”, na madini joto ndiyo iodini. Tezi ya shingo huyakusanya madini hayo, wala haibagui ya chumvini na ya kinuni. Ndiyo sababu dawa huifuata tezi na kuziua seli za saratani zilizo humo. Maelezo hayo yanaanzia dukani kwake.

Rai yangu, basi, ni hii: kabla ya kusanifisha istilahi ya tiba, tumsikilizishe kwanza atakayeimeza dawa.