Uraia wa Wake Waliotoka Ng'ambo ya Mpaka: Mada kwa Semina ya Watendaji wa Kata na Vijiji, Same



Mada niliyopewa ni maadili ya uraia, haki na wajibu wa raia wapya. Sehemu ya haki na wajibu mnaijua, kwa hiyo nitaipitia haraka. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa. Haki za msingi zimo katika Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 12 hadi 24. Wajibu unaanzia ibara ya 25: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma na kuilinda nchi. Raia wa tajnisi anapiga kura na anamiliki ardhi kama mimi na wewe, ila hawezi kuwa Rais, na uraia wake unaweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Uraia pacha kwa mtu mzima hatuna.

Kuhusu maadili, Upare hauhitaji kuazima mifano. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapa Same kupinga kodi ya kupimiwa mali, katika mgogoro tunaouita Mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kodi sawa kwa wote; walichokataa ni kupimwa mali zao kwa utaratibu wasioukubali. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaingia, na kodi ile ikaondolewa mwaka 1947. Wajibu waliukubali na haki wakaidai, kwa pumzi moja.

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta.

Tunaposema raia wapya, wengi hufikiria wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopewa uraia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, au ndugu zetu Wazigua waliorudi kutoka Somalia wakapokelewa Chogo, mkoani Tanga. Hao walipita kwa makundi, serikali na mashirika yakiwasimamia. Wa kwetu Same wanakuja mmoja mmoja, kwa ndoa. Wilaya yetu inapakana na Kenya, Wapare wapo hadi Taveta, na vijana wetu wanaoa huko tangu enzi za babu zao. Bibi harusi anapokelewa kwa vigelegele, na hakuna anayemwuliza habari za uraia hadi siku ya msiba.

Nitaeleza kisa kimoja bila kutaja mtu wala kijiji. Mama mmoja aliolewa kutoka Taveta, akazaa na kulea watoto wake huku. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ukiitishwa, anatoka na jembe. Ndiva ya kitongoji, bwawa la kumwagilia mashamba, ikizolewa tope, yumo. Michango ya darasa na ya zahanati, stakabadhi zake amezifunga kwenye kitambaa, nimezishika kwa mikono yangu. Mume akafariki. Arobaini haijaisha, shemeji akaja ofisi ya kijiji: "Shemeji yangu ni Mkenya, na sheria hairuhusu mgeni kumiliki ardhi." Kuhusu sheria, alikuwa sahihi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Halmashauri ya kijiji ikakaa kimya.

Hapa ndipo penye kidonda. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mume akifa kabla mke hajaomba, njia hiyo inafungwa. Anabaki na masharti ya mgeni mwingine yeyote: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Hapo linaanza swali la vibali vya ukaazi, ambavyo hakuwahi kuambiwa kuwa anavihitaji.

Nimelisema hili kwenye vikao vya kata na vya wilaya kwa miaka mingi. Jibu huwa kwamba uraia ni kazi ya Uhamiaji. Ni kweli, na mimi siingilii madaraka ya mtu: maombi hupitia Uhamiaji, uamuzi ni wa Waziri, na sheria haimlazimishi kutoa sababu. Lakini Uhamiaji hawajui nani kaoa kitongojini. Anayejua ni mwenyekiti wa kitongoji aliyekula pilau ya harusi.

Lipo la pili, na hili linaniuma zaidi. Wapo watendaji ambao, kwa huruma, humwandikia mama barua kwamba ni mzaliwa wa kijiji ili apate kitambulisho cha Taifa. Muhuri ukigongwa, wote wanafurahi. Ndugu zangu, barua ile ni maelezo ya uongo mbele ya sheria, na siku mama atakapoomba uraia kwa haki, itatolewa kwenye faili imshitaki. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, inasajili pia wageni wakaazi. Mwandikieni ukweli.

Napendekeza yafuatayo. Daftari la wakazi la kila kijiji lionyeshe mahali pa kuzaliwa pa kila mke na kila mume, si jina na kaya tu. Viongozi wa dini wanaofungisha ndoa waombwe kumweleza bibi harusi, siku ile ile ya kuandikisha, kwamba haki yake ya kuomba ipo mume akiwa hai. Ofisa Uhamiaji wa wilaya aalikwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji walau mara moja kwa mwaka, Ndungu, Maore, Kisiwani na kule juu milimani, maana nauli ya kuteremka Same ni mzigo kwa mwenye shamba la tangawizi. Wanandoa waelezwe mapema kwamba kuwa raia wa Tanzania ni kuukana uraia wa Kenya. Wengi wanadhani kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakubali uraia pacha, na sisi tunakubali. Watoto waandikishwe vizazi mapema, wasije kuulizwa uraia kwa sababu ya mama yao. Barua za uzawa zisizo za kweli zikome. Wanawake waliokwisha kufiwa waelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria kabla mirathi haijafunguliwa, na halmashauri ya kijiji isigawe shamba lolote lenye shauri la namna hii hadi ushauri wa kisheria upatikane. Bunge nalo liombwe kukitazama upya kifungu cha 11, kwa ajili ya wajane, na pia kwa ajili ya wanaume wageni waliooa binti zetu, ambao hawakupewa nafasi hiyo hata wake zao wakiwa hai. Narudia tena lile la daftari, kwa sababu bila daftari mengine yote hayatekelezeki.

Mkirudi vituoni, msisubiri waraka. Fungueni daftari, tafuteni kila kaya ambayo mke ametoka ng'ambo ya mpaka na mume yu hai, mkawaambie wote wawili, wakiwa wamekaa pamoja, kwamba fomu zipo Uhamiaji na wakati wa kuzijaza ni sasa.