Shujaa wa "Hatari!"



Sinema "Hatari!" ya mwaka 1962 ilipigwa Tanganyika, na ukingo wa Ngorongoro unaonekana humo. Jina ni la Kiswahili, lakini shujaa ni Mmarekani John Wayne. Wenyeji ni wasaidizi tu. Bwana huyo alivitetea vita vya Vietnam, na mwaka 1971 alitamka jaridani kuwa anaamini ubwana wa weupe hadi weusi waelimike, kana kwamba utu ni cheti cha shule! Mwaka 2020 chama cha Democratic cha Orange County, California, kilidai jina lake liondolewe kwenye kiwanja cha ndege. Rais Trump akaliita dai hilo upumbavu.

Ugomvi huo ni wao. Mwanafunzi wa Karatu asikatazwe kuitazama sinema hiyo, maana nchi inayoonekana ni yake; ahesabu tu ni Waafrika wangapi humo waliopewa jina na neno la kusema.