Siku za Mwisho za Mimba na Siku za Likizo

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya wazazi)



Tumefurahi kuwaona kina baba leo, hata wale waliokaa karibu na mlango. Sogeeni, kwa sababu mengi tutakayosema yanawahusu.

Sisi tunaotembelea familia tunakutana na jambo moja mara kwa mara. Mama ameajiriwa, labda anachuma majani chai, au anafunga maua, au ni karani. Mimba imefika mwezi wa tisa, miguu imevimba, na bado anaenda kazini. Ukimwuliza anajibu, "Nikianza likizo sasa nitakula siku za mtoto." Hesabu yake si ya kipumbavu. Sheria inampa miezi 3, na akianza kuitumia kabla ya kujifungua, siku hizo zinatoka humo humo. Basi anafanya kazi mpaka uchungu umkute huko huko, hospitali iko mbali, pesa za gari hana, na kijitabu cha kliniki kiko nyumbani. Hapo ndipo mama na mtoto wanaweza kupotea.

Wengi bado wanakumbuka sheria ya zamani. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mama miezi 2 tu, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Ile ya 2007 iliondoa adhabu hiyo. Sasa ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka, yaani siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, inabaki palepale. Ushauri wetu ni huu: mama aombe sehemu ya hizo siku 21 azitumie wiki za mwisho za mimba. Atapumzika bila kugusa miezi 3 ya mtoto. Lakini tarehe ni ya kupatana na mwajiri, kwa hiyo aanze kuzungumza naye mapema, si tumbo likishashuka.

Wewe kibarua usikate tamaa. Aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kawaida hata kama analipwa kwa siku. Nenda ofisi ya leba iliyo karibu ukaulize. Na kumfuta mama kazi kwa sababu ana mimba ni kinyume cha sheria.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Tarehe mliyopewa kliniki ni makadirio tu. Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mtoto anaweza kuja kati ya wiki ya 37 na ya 42. Katika wiki hizi tumbo hukaza na kulegea. Ukitembea kidogo, ukinywa maji au ukigeuka upande, likaachilia, huo si uchungu wa kweli. Uchungu wa kweli una mpangilio: unarudi, unakaribiana, unazidi nguvu, na kutembea hakuutulizi. Ukifika kila dakika 5 kwa muda wa saa nzima, ondoka. Aliyekwisha kuzaa, au anayekaa mbali, asingoje kufika hapo. Ute wenye damu kidogo ni dalili kwamba siku imekaribia. Chupa ikivunjika nenda hospitali hata kama hakuna maumivu, na maji yakiwa ya kijani nenda mbio. Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 37, usingoje kupambazuke.

Na haya si uchungu, ni hatari: damu nyingi, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Kina nyanya wetu, tunawaheshimu, lakini dawa za miti za kuharakisha uchungu tafadhali ziacheni. Zinaweza kulikaza tumbo kupita kiasi na kumdhuru mama na mtoto.

Baba, tumefika nyumba ambako mama anaumwa tangu alfajiri na watu wote wanangoja ruhusa yako. Uko Mombasa, na simu haishikwi. Toa ruhusa hiyo leo, mbele ya mama yako na majirani: akisema twende, aende. Acha pesa za gari mahali panapojulikana, na mpatane na mwenye gari au bodaboda ambaye atakubali kuamshwa usiku. Kadi ya NHIF isiwadanganye. Tangu Oktoba 2024 mpango ni wa SHA. Jisajilini, na mwulize hospitali yenu mapema italipia nini.

Nawe una likizo yako, wiki 2 kwa mshahara kamili. Wengi hawaiombi kwa kuona haya, na wengine huitumia kupokea wageni. Saa 24 za kwanza ndizo za kuogopewa zaidi kwa kutokwa na damu. Kitambaa kikilowa chote ndani ya saa moja, mrudishe hospitali hapo hapo. Zaidi ya hayo kuna maji ya kuteka, ugali wa kusonga, na wale wakubwa wa kupeleka shule. Jirani atasema umekaliwa. Mwache aseme.

Kuhusu barua ya likizo: sheria inataka notisi ya maandishi, si chini ya siku 7 kabla. Sisi tunasema iandikwe mimba ikifika wiki ya 34. Haihitaji wakili. Taja jina lako, kazi yako, tarehe utakayoanza likizo na tarehe utakayorudi. Mwajiri akidai cheti, daktari au mkunga wa kliniki atakupa. Andika nakala mbili, na anayepokea atie sahihi na tarehe kwenye ile utakayobaki nayo. Kalamu na karatasi ziko pale mezani. Asiyejua kuandika tutamwandikia kabla ya chakula.