Ghala Kwanza, Mashine Baadaye
Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Sisi wa Kamati ya Fedha tumeombwa tueleze kwa nini mwaka huu fungu kubwa la harambee linakwenda kwenye alizeti, na kwa nini hatuombi ile mashine ya kukamua ambayo wengi wenu mlitegemea kuisikia leo.

Tuanzie jikoni. Takwimu za Serikali za mwaka 2022 ziliweka mahitaji ya mafuta ya kula nchini kwenye tani 650,000 hivi kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani haukufika nusu yake. Pengo tunaliziba kwa mawese ya Malaysia na Indonesia. Aprili mwaka ule, vita vya Ukraine vikiwa vimekwisha kupandisha bei, Indonesia ilizuia mawese kutoka nchini mwake kwa zaidi ya wiki tatu. Tulio mjini tunakumbuka bei ya lita moja ilivyokuwa. Nyumbani je? Alizeti mpya ilikuwa bado shambani, na ya msimu uliopita tulikwisha kuiuza yote. Bei nzuri ilipita mlangoni petu hatuna gunia hata moja la kuonyesha.

Serikali ina njia yake ya kumlinda mkulima, nayo ni ushuru. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya nje hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi asilimia 35. Tangu hapo viwango vimebadilika zaidi ya mara moja. Tuseme ukweli: ushuru huo hulipwa na mnunuzi, akiwemo mama lishe na dada zetu wanaokaanga maandazi. Wanastahili kuubeba iwapo tu mkulima anafaidika na uzalishaji unaongezeka. Mkulima akiuza mwezi wa sita kwa lumbesa kwa sababu ada ya shule haingoji, faida anaichukua aliyeweza kungoja.

Sasa hesabu ya mashine, na hii ni ya mfano tu. Tuseme mashine inakamua magunia 20 kwa siku, na gharama zisizongoja kazi, yaani marejesho ya mkopo, mlinzi na pango, ni shilingi milioni 30 kwa mwaka. Ikifanya kazi siku 75 za msimu, inakamua magunia 1,500, na kila gunia linabeba shilingi 20,000 za gharama hizo. Ikifanya kazi siku 300, magunia ni 6,000 na kila moja linabeba shilingi 5,000. Mashine ni ile ile. Tofauti ni mbegu iliyo ghalani.

Ndugu zetu, mashine za kukamua nyumbani zipo. Zinasimama kwa kukosa mbegu. Kuongeza nyingine leo ni kuongeza ya kusimama nayo.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili: ghala lenye mizani ya haki, na mfuko wa kununulia alizeti wakati wa mavuno. Mkulima atalipwa sehemu ya fedha siku anapoleta mzigo, na iliyobaki baada ya mauzo. Tutawalipa wenye mashine watukamulie mwaka mzima. Mashudu nayo tusiyaache: ndiyo sehemu kubwa ya uzito unaobaki baada ya kukamua, na wafuga kuku na ng'ombe wanayatafuta.

Hatari ipo, na kazi yetu ni kuisema kabla hamjatoa. Ushuru ukishushwa au mawese yakishuka bei duniani, mzigo wetu ghalani utashuka nao. Ndiyo maana mfuko hautakopa benki, wala hautanunua mzigo wote kwa bei ya siku moja. Hesabu zitasomwa hadharani Kiomboi na hapa mjini.

Jambo la mwisho ni kuhusu ahadi. Ghala halijengwi kwa ahadi za mdomoni, na sisi wana kamati tumelipa zetu kabla ya kusimama hapa. Tunawaombeni nanyi mlipe kabla ya mavuno, maana mwezi wa sita mnunuzi wa lumbesa atakuwa amekwisha kufika.