Laini Ni ya Nani? Mabishano ya Usalama wa Teknolojia Yakitazamwa Kutoka Lodwar na Kakuma

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wakufunzi wa kompyuta na wahudumu wa saiba, Lodwar



Nimeombwa nizungumzie mabishano yanayoendelea mitandaoni kuhusu programu na usalama. Mnayajua. Nywila au alama ya kidole? Windows au Linux? WhatsApp au Signal? Nayafuata kwa hamu, na mengi yana maana. Ila nina lalamiko moja, nalo ndilo mada yangu. Wabishi hawa, wawe wa San Francisco au wa Nairobi, humfikiria mtu ambaye huku kwetu ni nadra: mwenye simu yake peke yake, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kitambulisho mfukoni, na uhuru wa kukataa huduma asiyoipenda. Mwondoe mtu huyo, na ushauri mwingi wa usalama hausaidii kitu. Mwingine unaumiza.

Laini

Tangu kanuni za usajili wa laini za mwaka 2015, kila laini nchini sharti ifungamane na jina la mtu na hati yake. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka sote tuhakikiwe upya, na tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba. Nairobi walibishana kama kampuni ya simu ina haki ya kumpiga mteja picha. Huku swali lilikuwa la nyuma zaidi: hati yenyewe iko wapi? Kuna kijana wa Kibish aliyetimiza miaka 18 na bado anasubiri kitambulisho. Kuna mkimbizi wa kambi ya Kakuma mwenye manifesti ya usajili tu, au kadi iliyokwisha muda. Hawa hufanya jambo ambalo kila mtu katika ukumbi huu analijua, ingawa halisemwi kwenye mikutano: humwomba Mkenya wanayemwamini, mara nyingi mwenye duka au mtu wa boda, awasajilie laini kwa jina lake.

Laini hiyo hufanya kazi miaka na mikaka. Inapokea pesa, inafungua WhatsApp, Gmail na Facebook, inapokea namba za kuthibitisha. Kisha siku moja mwenye jina wanakosana naye kwa deni. Anachohitaji ni kuingia duka la kampuni ya simu na kitambulisho chake, aseme laini imepotea, aombe nyingine. Kufikia jioni namba iko kwake pamoja na kila akaunti inayofunguliwa kwa SMS. Kwa macho ya kanuni hajaiba chochote. Laini ni yake.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianza kuonya mwaka 2016 kwamba SMS ni njia dhaifu ya kuthibitisha mtumiaji. Mabishano yaliyofuata yalihusu matapeli wanaobadilisha laini za watu wenye akiba kubwa. Kakuma hakuhitajiki tapeli. Inatosha urafiki uvunjike.

Dawa ipo, tena ni ya bure. Programu za kuzalisha namba za kuthibitisha hufuata kanuni ya wazi iliyochapishwa mwaka 2011. Simu na seva hushiriki siri moja siku ya kwanza; baada ya hapo kila upande unapiga hesabu kwa kutumia siri hiyo na saa, na tarakimu sita zinapatikana bila mtandao, bila bando, bila laini. Kwa mtu ambaye laini si yake, hiki ndicho kifaa cha kumfundisha kwanza. Lakini angalieni neno saa. Simu nyingi za bei nafuu zinazozunguka hapa, betri ikiisha kabisa au ikichomolewa, tarehe huruka, na kama saa haikuwekwa ijirekebishe kwa mtandao, tarakimu zitakataliwa siku nzima. Mwanafunzi ataapa kwamba programu ni mbovu. Mfundisheni saa kabla ya programu.

Na mfundisheni kuandika kwenye karatasi. Najua wapo watakaocheka. Google humpa mtumiaji namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu nane, kwa ajili ya siku simu inapopotea. Ziandikwe, zikae na cheti cha kuzaliwa. Bruce Schneier, mtaalamu wa Marekani ambaye wabishi hawa wanamheshimu, alishauri tangu 2005 watu waandike nywila zao na kuzitunza pamoja na pesa zao. Mtu anayeishi ndani ya nyumba ya mabati katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei anajua kutunza karatasi. Amezitunza karatasi za UNHCR, shirika la wakimbizi, kuliko dhahabu.

Kuhusu Signal nitasema kwa ufupi. Ni programu nzuri, na tangu 2024 unaweza kumficha mwenzako namba yako. Kujisajili bado kunadai namba. Kwa hivyo tatizo letu liko palepale.

Namba ya siri kama rehani

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza Kakuma mpango wa Bamba Chakula: sehemu ya mgao ikawa inatumwa kwa simu, na mkimbizi ananunua kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Soko lilikuwepo tayari, na si dogo. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, wa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Pamoja na simu kukaja mabango: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza madeni ya Kakuma na Kalobeyei wameeleza jambo ambalo wenye maduka wangewaambia bila utafiti. Msaada ukichelewa, familia inakopa unga, mafuta na maharagwe. Mwenye duka anataka dhamana. Mkopaji hana shamba, hana mbuzi wa kuonyesha, na mshahara hana. Anacho kitu kimoja chenye thamani: laini au kadi ya benki inayopokea msaada, pamoja na namba yake ya siri. Anaviacha dukani. Pesa zikiingia, mwenye duka anatoa chake kwanza.

Semina nyingi huliita jambo hili ukosefu wa uelewa. Mimi nakataa. Mama anayeacha kadi dukani anaelewa fika. Amepima hatari ya kupunjwa na njaa ya watoto, akachagua. Mwenye duka naye ana hesabu zake, maana akikopesha bila rehani atafunga. Huo ni mkataba. Ubovu wake ni kwamba mfumo haukuwapa njia nyingine ya kuufanya, na ndiyo maana mkopaji anafungwa kwa duka moja: hawezi kutembea hadi duka la pili kulinganisha bei, kwa sababu kadi yake iko katika lile la kwanza.

Katika ulimwengu wa programu jambo hili lina jibu la zamani. Unampa mwingine ruhusa yenye mpaka: huyu aruhusiwe kuchukua kiasi hiki, mara moja, tarehe hii, na ruhusa ifutike. Benki hufanya jambo la aina hiyo kila mwezi kwa wenye mishahara. Menyu fupi ya kubonyeza nyota na namba kwenye simu ya kabambe ingetosha, bila simu ya kisasa. Mpaka hapo patakapokuwa na menyu ya aina hiyo, bango la usimpe mtu namba yako ya siri ni karatasi ya ukutani.

Vidole kabla ya sheria

Agosti 2023 nchi nzima ilizungumzia macho. Watu walipanga foleni ukumbi wa KICC wakapigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi, Bunge likaunda kamati, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Swali kubwa lilikuwa zito kweli: je, mtu mwenye shida anaweza kutoa ridhaa ya hiari akishikiwa pesa mbele ya macho?

Swali hilo lilikuwa na miaka kumi Kakuma. Tangu 2013 WFP na UNHCR wamekuwa wakihakiki alama za vidole kabla ya kugawa chakula. Mpango ulikuwa na sababu zake, maana kadi za mgao zilikuwa zikiuzwa na kukodishwa. Lakini tazameni tarehe. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akaingia ofisini Novemba 2020. Kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya data jukumu la kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Ni kifungu kizuri. Kilikuta vidole vimekwisha kuchukuliwa, kwa watu ambao kukataa kwao kungekuwa kukataa kula, tena na mashirika ya Umoja wa Mataifa ambayo yana kinga mbele ya mahakama zetu.

Mtu akisema data ya misaada ya kibinadamu haiumizi, mpelekeni Garissa. Huko maelfu ya Wakenya, wengi wakiwa watoto miaka ya ukame, waliandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, kompyuta ikasema kidole hiki ni cha mkimbizi. Wengine walikaa miaka bila hati katika nchi yao. Na mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza jinsi taarifa za wakimbizi Warohingya zilizokusanywa Bangladesh zilivyofikishwa kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia.

Karibu zaidi ni Agosti 2025. Fedha za wafadhili zilipopungua, kaya za Kakuma na Kalobeyei ziligawanywa makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na waliowekwa makundi ya mwisho wakakosa mgao. Maandamano yalikuwa yameanza hata kabla ya hapo. Mwenye kaya hakujali kama aliyempanga ni karani au kompyuta. Alitaka kujua: mmenihesabia nini? Hilo ndilo swali ambalo mabingwa wa akili unde wanaliandikia vitabu, nalo liliulizwa kwa Kisomali, Kinuer na Kiswahili kando ya laga ya Tarach huko Kakuma. Sisi wakufunzi tungepaswa kuwa tumewafundisha watu kwamba kifungu cha 26 cha Sheria ileile ya Kulinda Data kinampa mtu haki ya kuiona taarifa yake na kudai isahihishwe.

Daftari la saiba

Sasa nigeuke kwetu wenyewe. Kwenye kaunta za saiba nyingi za mji huu kuna daftari. Lina majina ya wateja, PIN za kodi za KRA, barua pepe na nywila za akaunti za Serikali kama eCitizen, HELB na TSC. Mteja anataka liwepo, kwa sababu atarudi Juni mwakani kufanya marejesho na hakumbuki kitu. Nywila nyingi ni jina lake la kwanza, alama ya @ na mwaka. Sitawalaumu, maana mnaziba pengo ambalo ofisi za Serikali ziliacha zilipohamisha huduma zote mtandaoni. Lakini daftari hilo likiibwa ni sawa na kuibiwa nusu ya mtaa.

Na wakubwa hawatusaidii. Ushauri wa kawaida wa usalama duniani ni usiruhusu makro kwenye faili la Excel ulilopakua. Fomu ya Excel ya KRA ya marejesho ya kodi ilidai uruhusu makro, la sivyo haijazwi. Tumewazoesha wananchi kubofya palepale tunapowaambia wasibofye.

Kuhusu Windows: usaidizi wa toleo la 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba tulizo nazo haziwezi kupokea toleo la 11. Mitandaoni jibu ni hamieni Linux. Nakubali kwa maabara za shule, hasa zikiwekewa Kolibri, programu huru inayobeba masomo bila intaneti. Kwa saiba sikubali haraka hivyo. Mteja wa saiba analeta flashi yenye faili la Word na anataka printa ifanye kazi leo. Lakini Windows isiyo na leseni iliyopitishwa kwenye flashi kutoka duka hadi duka, mjue inakuja na wageni wake.

Nisiwasahau vijana wanaoandika programu, wakiwemo wale wa kampasi ya Loropio kando ya Ziwa Turkana, jengo alilolisanifu Francis Kéré. Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na Juni mahakama ikayatupa mashtaka kwa kuwa hayakuonyesha kosa. Wafundisheni sheria hiyo pamoja na Python.

Maombi

Ndugu Mwenyekiti, semina za namna hii huishia kuazimia wananchi wawe waangalifu. Naomba tusifanye hivyo. Tuiandikie Mamlaka ya Mawasiliano kwamba mkimbizi mwenye manifesti halali asajiliwe laini kwa jina lake, na kwamba iwepo njia ya kumhamishia mtu namba aliyoitumia miaka mingi kwa jina la mwingine, wote wawili wakiwa dukani. Tuwaandikie WFP na benki kuhusu ruhusa yenye mpaka kwa wenye maduka. Nanyi wa saiba, mkirudi kazini kesho, kateni kila ukurasa wa daftari lile, mpeni mwenyewe wake aondoke nao, na linalobaki litieni moto.