Mtoto Mdogo na Matembezi Yake Wakati wa Mvua

Kama unapukuchua mahindi au unanyonyesha, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Leo tunazungumza kuhusu mtoto wa chini ya miaka 5 na matembezi yake wakati wa mvua.

Kuna nchi ambazo watu hungojea miti ichipue baada ya baridi na theluji. Sisi hapa Ukambani tunangojea mvua. Mwishoni mwa Oktoba mbua ya nthwa inaanza, na vilima vya Iveti na Mua vilivyokuwa rangi ya vumbi vinageuka kijani. Kumbikumbi wanaruka, vyura wanalia usiku kucha, na mto uliokuwa mchanga mtupu unapitisha maji. Kisha Machi hadi Mei tunapata mbua ya uua. Kwa mtu mzima huo ni wakati wa jembe. Kwa mtoto wa miaka 2 au 3, hiyo ni dunia mpya ambayo hajawahi kuiona.

Tuchukue mtoto wa mfano, tumwite Kyalo, kwa maana kila siku kwake ni safari. Ana miaka 3. Asubuhi anafuata mama shambani, anachimba udongo na kijiti, anamfukuza panzi. Mchana anamfuata susu kuchuma kunde. Jioni anataka kwenda mtoni na kaka yake. Usiku anataka kuona kumbikumbi kwenye taa. Je, tumwache atembee, au tumfungie nyumbani mpaka mvua iishe?

Mama mpenzi, jibu langu ni kwamba mwache atembee, lakini asitembee bila mtu mzima. Nitaeleza sehemu zote mbili za jibu hilo.

Kwanza, kwa nini atembee? Mchezo ndio kazi ya mtoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kutembea, kukimbia na kucheza kila siku. Hizo ni saa 3. Mwongozo huo huo unasema mtoto ambaye hajafika miaka 2 asiwekwe mbele ya televisheni au simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kwa hiyo yule anayenyamazishwa kwa simu siku nzima kwa sababu nje kuna matope, ananyimwa kitu ambacho mwili na akili yake vinakihitaji.

Tena hakuna gharama. Mnapopalilia, mwambie majina ya vitu: hii ni kunde, hili ni jani la mbaazi, huyu ni jongoo. Mwulize, "Chura ameenda wapi?" kisha ngoja akujibu. Mpe kazi ndogo kama kukuletea kikombe au kuhesabu mashimo matatu ya kupandia. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Mtoto ambaye bado hajatembea, mtandikie leso mahali pakavu penye kivuli, umlaze kifudifudi kidogo kidogo akiwa macho huku ukimtazama. Anapoinua kichwa kumtazama kuku, shingo na mgongo vinapata nguvu.

Baba pia ana nafasi yake hapa. Kumbeba mtoto begani kwenda kuona ng'ombe au kuangalia kama mahindi yameota si kazi ya mama peke yake. Mtoto hukua vizuri akijua kwamba watu wake wote wanamsikiliza.

Sasa sehemu ya pili: kwa nini asitembee bila mtu mzima? Wakati wa mvua kazi ni nyingi, na watoto wa shule wako kwenye likizo ya Novemba na Desemba. Mara nyingi mama anasema, "Kaka yake atamwangalia." Kaka mwenyewe ana miaka 7. Huyo naye ni mtoto. Akiona wenzake wanacheza mpira, anasahau. Akiona mdogo wake ametumbukia majini, atajaribu kumtoa, na tunaweza kuwapoteza wote wawili. Kaka anaweza kucheza na Kyalo, lakini dhamana ya uhai wa Kyalo ibaki kwa mtu mzima.

Hatari ya kwanza ni maji. Silanga likijaa, kingo zake huwa telezi na chini kuna matope yanayoshika mguu. Lakini mtoto mdogo hahitaji silanga ili azame. Ndoo, beseni la kufulia, pipa la maji ya paa au shimo la kufyatulia matofali vinatosha. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anazama kimya, kwa dakika chache tu. Kwa hiyo fanya haya leo jioni:

Funika mapipa na matangi kwa kifuniko kizito. Mwaga maji ya beseni ukimaliza kufua. Ziba au zungushia miiba mashimo yote yaliyo karibu na nyumba, pamoja na shimo la choo ambalo halijakamilika. Ukienda naye kuchota maji, awe karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamshika. Na mkiwa watu wazima wengi, semeni wazi nani anamwangalia, maana mtoto wa watu wote huwa haangaliwi na mtu.

Ikitokea mtoto amezama, mtoe haraka na uite watu. Kama hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu chake kidogo, mpulizie pumzi mdomoni mara 5 huku ukiona kifua kinapanda. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua haraka haraka mara 30 na kupuliza mara 2, uendelee hivyo mkielekea hospitalini. Usimning'inize kichwa chini na usimkamue tumbo. Hata akizinduka, apelekwe akaonwe, kwa sababu mapafu yanaweza kumsumbua baadaye.

Kuhusu mito yetu ya mchanga, kumbukeni kwamba mvua inaweza kunyesha mbali na hapo uliposimama pakawa pakavu, kisha maji yakashuka ghafla. Desemba 2021, katika mto Enziu kule Mwingi, kaunti jirani ya Kitui, basi lililojaribu kuvuka mafuriko lilisombwa na zaidi ya watu 30 wakafariki. Kama maji yalishinda basi, usiyajaribu ukiwa na mtoto mgongoni. Ngoja yapungue. Harusi, soko na mazishi vyote vinaweza kuchelewa.

Maji yaliyotulia yana pia kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kuingia kwenye ngozi ya mtoto anapocheza humo. Ukiona damu kwenye mkojo au kwenye choo cha mtoto, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo.

Hatari ya pili ni sumu, na hii huwa tunaisahau. Huu ni wakati wa kupanda. Mbegu za dukani zimepakwa dawa yenye rangi, na kwa macho ya Kyalo zinafanana na peremende. Usiziache kwenye kibuyu au sufuria pembeni mwa shamba. Zilizobaki usizioshe ukazipika. Dawa ya kunyunyizia mimea na mafuta ya taa visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Weka juu, na ufunge kwa kufuli kama unaweza. Mfundishe pia kutokula mbegu za mbarika, zile zenye madoadoa mazuri ambazo watoto huchezea. Ndani yake kuna sumu kali.

Akishameza kitu kama hicho, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mfute mdomo, mvue nguo zilizomwagikiwa, beba chupa au pakiti yenyewe, na mkimbilie hospitali. Daktari akiijua sumu, anajua pa kuanzia.

Hatari ya tatu ni nyoka. Kumbikumbi ni watamu na wana nguvu mwilini, wala sitawakataza. Lakini kwenye mashimo ya kichuguu nyoka hujificha, na moma, yule mfupi mnene, hulala tu njiani bila kukimbia. Mtoto asiingize mkono shimoni. Usiku tembeeni na tochi, na mtoto avae viatu vya kufunika mguu. Fyeka nyasi karibu na nyumba na usirundike kuni ukutani.

Akiumwa na nyoka, mtulize na umbebe, asitembee. Vua bangili, shanga na viatu kabla mguu au mkono haujavimba. Funga kijiti pembeni ya mguu ili usitikisike. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza, usipake mafuta ya gari, na usipoteze saa moja ukitafuta jiwe jeusi. Kama ni swila aliyemtemea mate machoni, mwoshe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha hospitali. Ukiweza, piga simu kwanza uulize ni hospitali gani iliyo na dawa ya nyoka, ili usipoteze wakati njiani.

Hatari ya nne ni kuhara. Mvua ya kwanza inasomba uchafu wote wa nyanda za juu na kuuingiza visimani na mtoni. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Maembe na mapera yaoshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kucheza matopeni. Kwa mtoto mdogo sana, kata tunda vipande vidogo na uondoe kokwa, na usimpe njugu nzima, zisije zikamkwama kooni.

Akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS yaliyokorogwa kulingana na maelezo ya pakiti, kwa kijiko au kikombe, kila baada ya kuhara. Kituo cha afya kitakupa pia tembe za zinki. Mpe kila siku kama ulivyoelekezwa, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Wengi huacha siku ya tatu, na hapo faida inapotea.

Nyanya mmoja anaweza kuuliza, "Na kunyeshewa je, si kunaleta nimonia?" Nyanya, nimonia inaletwa na vijidudu, mvua yenyewe haiileti. Hata hivyo, mtoto akilowa, mkaushe na umvishe nguo kavu, asikae na baridi. Jambo la kujua ni kuhesabu pumzi. Akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, au mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, usingoje kuche.

Vivyo hivyo usingoje ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hizo ni dalili za hatari. Nenda na kitabu chake cha kliniki. Na ukiwa hapo, uliza kama amepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, vitamini A kila miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1.

Najua, mama, kwamba unasikiliza na kujiuliza, "Nitapalilia saa ngapi?" Hilo ni swali la haki. Majirani watatu au wanne wanaweza kupatana kwa zamu. Leo mmoja anabaki na watoto kwenye boma moja lenye uzio, kesho mwingine, wengine wanapalilia. Ukambani mwethya tunaujua tangu zamani. Tulijenga nao matuta na visima, na tunaweza kulea nao watoto msimu huu. Yule anayebaki na watoto ahesabiwe kuwa amefanya kazi kama mwenye jembe, na shamba lake lipaliliwe. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu anaweza kuwasaidia kukagua boma hilo kabla hamjaanza.

Kabla hatujaagana, chagueni mambo matatu ya kufanya leo. Funika maji. Funga dawa za shamba. Amua ni mtu mzima gani anamwangalia mtoto kesho. Halafu mwache Kyalo wenu aende akamtazame chura.

Mvua iwe ya baraka, na watoto wawe salama.